Vijiti vimejaa, jirani anaongea na simu, ila menyu ya pesa haifunguki. Kwa nini?

MamaFloti

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko kijiji kimoja huku Tandahimba. Mnara wetu ni mmoja tu, uko kilimani nyuma ya ghala la chama cha msingi. Naombeni mwenye ujuzi wa mitambo anifafanulie jambo linalonitoa roho kila msimu wa korosho.

Siku za kawaida sina shida. Balaa linaanza malipo ya mnada yakitoka. Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa na watu kama thelathini kibandani, wengi wazee, kila mmoja na kitochi chake, wote wanataka kutoa. Mzee wa kwanza akapiga ile ya nyota mia hamsini, simu ikafikiri weee, ikarudi kapa. Wa pili hivyo hivyo. Nikachukua simu yangu janja niangalie floti, yaani salio langu la uwakala, ikaniandikia "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI". Batili vipi, na namba hiyo naipiga tangu kibanda hiki kikiwa cha makuti?

Sasa sikieni kilichoniudhi. Vijiti vya mtandao vimejaa vyote. Kijana wa bodaboda kaegemea nguzo ya kibanda changu, anaongea na mchumba wake aliyeko Mtwara nusu saa nzima, sauti safi kabisa, mtandao ule ule. Mwanangu yuko ndani anaangalia mpira kwenye simu, bando la mtandao ule ule, na haukwamikwami. Yaani wa mapenzi anapata, wa mpira anapata, mzee anayetaka elfu hamsini yake akanunue sukari hapati. Mnara si mmoja? Au kuna watu wamewekwa mbele?

Huduma kwa wateja nimepiga, wakaniambia zima simu uwashe. Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea.

ChumviNyingi

Dada hamia mtandao mwingine, huo umechoka.

MamaFloti

Laini ninazo nne mkuu. Hizo nyingine huku hazishiki mpaka upande juu ya mkorosho.

FundiMnara

Dada MamaFloti, simu yako haina ugonjwa na wala hujauliza swali la kijinga. Nimepanda minara miaka kumi na nne, sehemu kubwa huko huko kusini, na hili ndilo swali mawakala wameniuliza kuliko jingine lolote, mara nyingi nikiwa sijamaliza hata kuvua mkanda wa kupandia. Nitakujibu kwa urefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na vijiti, maana ndivyo vinavyowadanganya watu. Vijiti vinaonyesha simu yako inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani, basi. Kama kuna nafasi au hakuna, havijui. Unaweza kuisikia adhana vizuri kabisa, ukafika ukakuta msikiti umejaa hadi uani.

Halafu mnara ni mmoja, ila juu yake pana nyumba tatu, yaani vizazi vitatu vya mtandao: 2G, 3G na 4G, kila moja na masafa yake. Kitochi cha mzee kinaijua nyumba moja tu, ya 2G. Mwanao wa mpira yuko 4G. Hao wawili hata mlangoni hawakutani, kwa hiyo mpira hauli kitu cha mzee.

Twende kwenye hiyo nyumba ya 2G, ndiko kuliko na mambo. Chaneli moja ya GSM, ndiyo teknolojia ya hiyo 2G, ina upana wa kilohezi 200, na inagawiwa kwa zamu za muda, zamu nane. Kila zamu ni kama milisekunde 0.577, zikiisha nane zinaanza upya, haraka kiasi kwamba sikio lako halijui kuwa sauti inakuja vipande vipande. Chukulia kuwa ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane. Chumba cha kwanza anakaa mwenye nyumba: humo mnara unajitangaza na kuziita simu, hakipangishwi. Cha pili kimebomolewa ukuta wa mbele, kikawa kibaraza chenye viti vinane. Vinabaki sita vya maongezi. Nyumba ikizidiwa, chumba kimoja kinawekwa pazia katikati, wanakaa wawili, na sauti inakuwa nyembamba kidogo. Ukisikia mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa siku ya sikukuu, mara nyingi ni hilo pazia.

Sasa tazama kila huduma inavyopita humo. Ukipiga simu ya kawaida unakaa kibarazani sekunde chache, unajitambulisha, unakaguliwa, unapewa chumba, kiti chako kinabaki wazi kwa mwingine. Ujumbe mfupi nao unakaa sekunde chache, unashuka. Basi la abiria likivuka mpaka wa eneo la mtandao, simu zote zilizomo zinajiandikisha upya, na kujiandikisha ni hapo hapo kibarazani, ila kunaisha upesi.

Menyu ya pesa haina chumba. Haijawahi kuwa nacho. Shughuli yake yote inafanyika kibarazani, tangu unapobonyeza ile reli (#) ya mwisho mpaka menyu inajifunga. Mzee akiwa anatafuta miwani, kiti ni chake. Akiwa anakuuliza "namba yako ya wakala ni ngapi vile, mwanangu?", kiti ni chake. Vikikaliwa vyote vinane, wa tisa anarudishwa, hata kama vyumba sita vya ndani vyote ni vitupu.

Na yule wako wa bodaboda? Alishapewa chumba. Aliyeingia chumbani hatolewi kwa sababu kibarazani kumejaa, atatoka mwenyewe salio likiisha au mchumba akichoka.

Fanya hesabu kidogo. Tuseme mtu mwepesi anatumia sekunde 40 kutoa pesa. Kwa hesabu ya dukani, viti nane kwa saa moja vinahudumia watu 720. Lakini watu hawaji kwa mstari wakipokezana viti, wanakuja kwa mafungu. Kuna bwana mmoja wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alikuwa kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alichapisha kanuni ambayo mpaka leo ndiyo tunapangia mitambo. Ukitaka wanaokosa nafasi wasizidi wawili katika mia, viti nane vinabeba kwa wastani watu 3.6 tu kwa wakati mmoja. Hiyo ni kama miamala 326 kwa saa. Mzee anayetumia dakika moja na nusu kwa muamala anaishusha mpaka kama 145. Na hivyo viti havigombewi na kibanda chako peke yake. Mnara una nyuso tatu, kila uso na kibaraza chake, lakini kijiji kizima na mawakala wote mmetazamana na uso mmoja.

Kisha kuna ubaya unaojiongeza wenyewe: aliyekosa hasubiri, anapiga tena hapo hapo. Wakikosa kumi mnapata maombi ishirini.

Simu yako janja je? Siku ukitulia, itazame kona ya juu unapopiga nyota. Ilikuwa imeandika 4G, ghafla inakuwa H (ndiyo 3G) au E (ndiyo 2G). 4G ilijengwa kubeba data, ile simu ya kizamani na menyu za nyota hazikuwekewa chumba humo. Kwa hiyo simu inashuka kwenda 3G au 2G kukuombea menyu. Ikiangukia 2G, imekuja kukaa foleni ya kibaraza kile kile pamoja na wazee wako. Ikinyimwa, haijui sababu, inakusingizia wewe kuwa msimbo ni batili.

Umeuliza kama kuna watu wamewekwa mbele. Watu hapana, ila huduma ndiyo, na mpangilio wake unategemea nyumba. Kwenye 2G sauti ndiyo bwana: intaneti ya kitochi inapewa vyumba ambavyo waongeaji hawavitumii, akija mtu wa kuongea intaneti inahamishwa. Ndiyo maana ukiona E, ukurasa unafunguka usiku wa manane na unagoma saa mbili jioni. Kwenye 4G hakuna chumba cha mtu. Mnara wenye chaneli ya megahezi 10 una vipande 50, kila kipande kilohezi 180, na kila milisekunde moja unaamua upya nani apewe vingapi. Simu ya sauti inayopita kwenye 4G yenyewe inapewa daraja la 1, na uhakika wa kipande chake. Intaneti ya kawaida ya bando ni daraja la 9, inakula kilichobaki. Mwanao haoni shida kwa sababu simu yake inaweka akiba ya sekunde kadhaa za mpira mbele, mnara ukimnyima kidogo anakula akiba.

Cha kufanya kwa upande wako. Shughuli zako mwenyewe, salio la floti na kuwawekea watu, fanyia kwenye programu ya wakala kwa kutumia data, usipige nyota kabisa. Programu inapita 4G, kibarazani haigusi. Ukilazimika kupiga nyota, ingia kwenye mipangilio ya simu janja uchague 3G pekee, kama mnara wenu unayo. 3G haina hivyo viti vinane, inagawana kwa namna nyingine. Wazee wenye vitochi ndio kazi, hao hawana pa kukimbilia. Kwao dawa ni kufupisha muda wa kukaa kitini. Andika namba yako ya wakala kwa chaki, kubwa, mahali ambapo mzee anaiona bila miwani. Kiasi anachotaka akijue kabla ya kupiga. Wapige watatu watatu, siyo thelathini kwa pamoja. Na namba ya siri aweke mwenyewe, tafadhali, hata kama anakwambia "weka tu mwanangu".

Na ukipiga huduma kwa wateja usiseme "mtandao unasumbua", utaambiwa uzime simu. Sema hivi: chaneli za kuanzishia mawasiliano kwenye 2G zinajaa, saa nne hadi saa saba, siku za malipo ya korosho, mnara wa mahali fulani, uso unaotazama kijijini. Chumba kimoja cha sauti kinaweza kugeuzwa kibaraza cha pili, vikapatikana viti vingine nane. Mitambo mingine inafanya hivyo yenyewe vyumba vikiwa vitupu, alimradi mtu amekiwasha hicho kipengele. Ni kazi ya mezani, hakuna hata wa kupanda mnara. Mimi nimeona minara ikikaa miaka na mpangilio uleule uliowekwa siku ya kwanza, wakati watu walikuwa wanaongea tu na pesa za simu hazijafika kijijini.

AliyekuwaHudumaKwaWateja

Fundi umeeleza vizuri, ila nikupunguze kidogo. Nimekaa kwenye viti vya kupokea malalamiko miaka minne (samahani dada, "zima uwashe" ilikuwa mdomoni mwangu pia). Siyo kila kukwama ni mnara. Kuna kukwama kwa mtambo wa pesa wenyewe, uko mjini, hauna habari na korosho. Dalili zake tofauti. Menyu isipofunguka kabisa, hapo ni kibaraza chako. Lakini ikifunguka haraka, ukachagua, ukaweka namba ya siri, ndipo inaganda au inakwambia ujaribu baadaye, huko ni kwenye mtambo wa pesa, na nchi nzima inalia siku hiyo. Ukiona hivyo usirudie muamala kabla hujaangalia salio. Watu wengi wamekatwa mara mbili hapo.

FundiMnara

Nakubali, hiyo nimeiruka. Na ya pili inaizidisha ya kwanza: mtambo wa pesa ukichelewa kujibu, kila mtu anakaa kitini muda mrefu zaidi akisubiri, kibaraza kinajaa hata siku isiyo na mnada.

MswahiliBremen

Mada nzuri wakuu, naomba nidandie. Mimi niko Ujerumani. Nimenunua simu ya 5G, kijijini ninakoishi inaandika 5G vizuri tu, lakini kasi ni ile ile ya 4G, kuna siku naona hata chini. Hapo nako kuna kibaraza?

FundiMnara

Bremen, yako ni hadithi nyingine lakini ya ukoo mmoja. Kuna utaratibu wa kuziweka 4G na 5G kwenye chaneli moja, mnara unawagawia kila milisekunde kulingana na wateja waliopo. Kampuni inapata kuandika 5G kwenye ramani bila kutafuta masafa mapya. Verizon ya Marekani ilifungua hivyo eneo kubwa kwa mpigo Oktoba 2020, wiki ile iPhone 12 ilipozinduliwa. Ubaya wake: 4G ina alama zake ambazo lazima zirushwe muda wote, hata kama hakuna mteja, na 5G inabidi izikwepe. Kwa hiyo shamba ni lile lile, wakulima wawili, na sehemu imeliwa na mipaka. Kasi unayoiona kwenye matangazo inatoka kwenye masafa mapya mapana, kama yale ya karibu na gigahezi 3.5, ambapo chaneli moja inaweza kufika megahezi 100. Hayo hayafiki mbali, ndiyo maana kijijini kwako unapewa yale ya kugawana.

Ila nikiwa mkweli, mimi sioni kosa katika kugawana. Nyumba ya 2G ya dada MamaFloti ina vyumba vilivyogawiwa siku ya kujenga, vingine vitupu, vingine vinafurika, na hakuna anayehama. Ningekuwa na uwezo, ningechukua ule ugawaji wa kila milisekunde nikaupeleka kwenye kibaraza cha Tandahimba kabla ya kuupeleka Bremen.

ChumviNyingi

Kwa hiyo si ingezimwa tu hiyo 2G, kila mtu ahamie 4G?

FundiMnara

Mwambie mzee mwenye kitochi kinachokaa na chaji siku tano, tochi juu, kilichomgharimu bei ya magunia mawili matupu, kwamba unakizima. Ukishamaliza kumwambia, uje unisimulie.

MamaFloti

Narudi na mrejesho, siku tisa baadaye.

Juzi malipo yametoka tena. Jana yake nilichukua chaki ya mwanangu nikaandika namba ya wakala kwenye ubao wa mbele, kila tarakimu kama kiganja. Asubuhi nikawapanga kwenye benchi, nikawaambia hapigi mtu mpaka niseme. Nilianza na watatu. Mzee mmoja akanuna, akasema tangu lini nyota inaombewa ruhusa. Nikamwambia leo.

Menyu zilifunguka. Siyo zote mara ya kwanza, lakini zilifunguka. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo tangu mtu abonyeze reli: wa haraka alitumia sekunde 35, bibi mmoja alitumia karibu dakika mbili kwa sababu alikuwa ananihadithia msiba huku menyu iko wazi, na mimi natazama tu nikijua kiti kinaliwa. Kuanzia hapo nikaweka sharti la pili, habari za nyumbani ni baada ya pesa. Mpaka saa saba nimehudumia 41. Ijumaa ile nilifunga na 12.

Salio la floti naangalia kwenye programu, sijapiga nyota wiki nzima. Ile ya 3G pekee nimejaribu, huku kwetu ipo, inashika nikiwa nje, nikiingia ndani ya kibanda inapotea. Labda bati.

Huduma kwa wateja nimewasomea maneno yako kama yalivyo. Dada aliyepokea akanyamaza kidogo, akaniuliza "samahani mama, wewe ni fundi?" Akanipa namba ya lalamiko. Nasubiri.

Yule kijana wa bodaboda nimemwomba radhi. Nilikuwa namfukuza kwenye nguzo kila siku ya mnada nikidhani ndiye anayewala wazee mtandao. Kumbe alikuwa chumbani kwake.